Kitanda cha Mzee Elinami

Sogeeni, sogeeni, na anayetafuna amalize kutafuna. Leo nimekuja na kesi. Hakimu sina, hakimu ni nyinyi, na nawaonya mapema kwamba kesi yenyewe imeshawagombanisha watu waliokuwa wanakula sahani moja.

Tanga palikuwa na wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Wa kwanza, Mwajabu, alijaliwa koo. Kazi yake ilikuwa kupiga ukunga kwenye filamu. Mwigizaji akitakiwa kulia kwa hofu, anafungua mdomo tu. Sauti inatoka kwa Mwajabu aliyesimama pembeni. Watoto wake wawili walikuwa wanakula koo hilo. Na kwa kuwa ukunga ndio mkate wake, alizijua aina zake zote, wa kweli na wa kulipwa.

Wa pili, Fundi Mwantumu, alijaliwa mikono. Ndiye aliyejenga na kupaka rangi mtaa mzima wa bandia nje ya mji, pembeni mwa shamba la mkonge, ambako filamu zilikuwa zinapigwa. Nyumba zake ukizitazama kwa mbele utabisha hodi. Ukizunguka nyuma unakuta mbao na hewa. Alikuwa na tabia ya kuchora milango ukutani, nje na ndani, na mbuzi wa jirani walishajigonga vichwa wakijaribu kupita.

Wa tatu, Chiku, alijaliwa usukani. Meli ya watalii ikifunga gati, yeye ndiye anayewatembeza abiria kwa kosta, basi lake dogo, na hajawahi kumchelewesha mtu hata akaachwa na meli yake.

Msinitazame hivyo. Najua hadithi za watatu watatu mlizozizoea. Humu hakuna anayeolewa.

Basi, siku moja ya masika, meli inayozunguka visiwa iliingia Tanga mvua ikimwagika. Miongoni mwa abiria alikuwamo Bibi Namsifu, mjane kutoka Usangi, Upareni, mwenye koti la manjano na magoti mabovu. Ratiba ya siku ilikuwa kwenda kuona filamu inavyopigwa. Chiku aliwafikisha, lakini akaegesha kosta juu kwenye lami, mbali na ule mtaa wa bandia, kwa sababu huko chini palikuwa tope tupu.

"Mwanangu, si utusogeze kidogo?" Bibi Namsifu aliomba. "Miguu hii haina mwendo."

"Bibi yangu, gari likinasa humo, meli itawaacha. Nishike mkono, twende polepole."

Wakateremka wakiloa. Huko chini walipokewa na mwongozaji wa filamu, Bwana Kijazi, mtu mwembamba asiyependa utani.

"Kamera ikianza," aliwaambia, "hakuna anayesogea. Mtu alie, aanguke, azimie, nyie simameni palepale mpaka mimi niseme kata. Mimi, si mwingine."

Wageni walicheka. Wafanyakazi hawakucheka. Mpishi mmoja alishawahi kulisema neno hilo kwa mzaha, na jioni yake alifungasha sufuria zake akaenda.

Wageni wakajibana chini ya turubai. Bibi Namsifu alikuwa nyuma kabisa, maji yakimtiririka shingoni, magoti yanamuuma. Akaona nyumba yenye mlango nusu wazi, akaingia akae kidogo. Hakuna aliyemwona, wala yeye hakujua kwamba ile ilikuwa nyumba ya mafuriko, pekee iliyojengwa kuta zote nne. Chini ya sakafu yake ya plaiwudi palikuwa na shimo kubwa la saruji, la kujazwa maji siku ya kupiga tukio la mafuriko. Mvua ilikuwa imeshalijaza bila kuombwa, na plaiwudi ilikuwa imelowa chapachapa.

Kamera ikaanza. Mwajabu akapiga ukunga wa kwanza. Wageni wakaruka, kisha wakatabasamu. Akapiga wa pili. Halafu ukasikika wa tatu, na Mwajabu hakuwa amefungua mdomo.

Chini ya turubai mgeni mmoja alimwonyesha dole gumba, kumsifu. Bwana Kijazi alikuwa ameinamia kamera yake, uso umemchangamka. Watu wote walisimama palepale, kama walivyoamriwa.

Lakini Mwajabu alikuwa amesikia jinsi ukunga ule ulivyoishia. Ukunga wa kulipwa huisha pumzi ikiisha. Ule ulikatizwa katikati, na kitu kilichoukatiza kilikuwa maji.

Aliogopa. Aliogopa kwamba amekosea, na kesho watoto watamuuliza mbona haendi kazini. Aliogopa zaidi kwamba hajakosea, na kuna mtu anakufa hatua chache kutoka pale huku wao wamesimama kimya wakimsikiliza. Akajaribu kutoa sauti, haikutoka. Akajaribu tena.

"Kata!" alipasua. "Kata! Kuna mtu anakufa!"

Bwana Kijazi aliinua kichwa taratibu. "Mwajabu, umerogwa?"

"Ule haukuwa wangu!"

"Ulikuwa wa nani?"

Kwenye ule ukimya wakasikia kugonga. Kulitoka ndani ya nyumba ya mafuriko. Du, du, du. Halafu kukapungua.

Wanaume wakaukimbilia mlango. Ulikuwa umebana, maana sakafu ilipotitia ilivuta na fremu. Wakaweka mabega tayari kuuvunja.

"Acheni!" Fundi Mwantumu alikuja mbio na msumeno mkononi. "Mkiusukuma huo, boriti inamwangukia kichwani!"

Hakuugusa mlango. Alizunguka ubavuni, akawa anaupapasa ukuta kwa kiganja, midomo inamcheza, mpaka akafika mahali nyuma ya rangi hapakuwa na nguzo. Hapo akatia msumeno. Mwajabu alisimama nyuma yake akiomba kugonga kuendelee. Kugonga kulikoma.

Ukuta ulipofunguka, koti la manjano lilikuwa linaelea. Bibi Namsifu alikuwa majini hadi kidevuni, macho hayaoni, mkono mmoja bado unauparura ukuta. Kuta za ndani zilikuwa na milango kadhaa na yote, isipokuwa mmoja, ilikuwa ya kuchora. Alikuwa ameng'ang'ania mmoja wa kuchora, wa buluu. Kucha zake zilikuwa zimejaa rangi. Mwantumu alizitazama kucha zile, akalia kwa sauti mbele za watu.

Wakamtoa. Midomo ilikuwa ya kijivu, na pumzi inakuja mara moja moja.

"Mpandisheni juu! Haraka!" Chiku alikuwa ameshaanza kupanda kilima, viatu mkononi.

Kosta iliwaka mara moja, wageni na Mwantumu wakiwa wameshapanda, magurudumu juu ya lami isiyo na tope. Hospitali ya mjini ilikuwa ng'ambo ya daraja lililokuwa limeshafunikwa na maji. Palibaki gatini tu, kwa daktari wa meli, na barabara ya gatini nayo ilikuwa imekatika kwenye kalvati. Chiku aliitazama ile barabara, akakata kona kuingia ndani ya shamba la mkonge. Humo kuna tuta la zamani, lililokuwa likipitisha vitoroli vya mkonge, jembamba kuliko unavyodhani. Akapanda juu yake. Maji kushoto, maji kulia.

Mwajabu alikuwa nyuma, kichwa cha bibi mapajani mwake.

"Chiku, hapumui!"

"Mpulizie! Mimi nina njia hapa, wewe una bibi!"

Gurudumu moja likateleza, gari likainama upande mmoja. Mwajabu, ambaye alikuwa amepiga ukunga wa kuwatisha watu maisha yake yote, hakuweza kupiga hata mmoja. Alifumba macho akampulizia bibi pumzi yake, akiamini kwamba wote wanazama. Gari likasimama sawa tena.

Daktari wa meli alimhangaikia muda mrefu ndani ya chumba kimoja hapo gatini. Alipotoka aliketi chini kabla hajasema neno. "Mngechelewa kidogo," alisema, "mahali popote pale, sasa hivi ningekuwa namfunika shuka."

Jioni ilikuwa inaingia Bibi Namsifu alipofumbua macho na kuwaona watatu hao wamesimama miguuni pake. Hakuwashukuru kwanza. Alimshika Mwajabu kidole, akaanza kulia.

"Tiketi za safari hii alikata mume wangu, Mzee Elinami," alisema. "Watu wawili, vitanda viwili. Alifariki kabla hatujaondoka. Kila jioni mhudumu anakitandika kitanda chake, hajui, nami nanyamaza. Nilikuwa naweza. Leo nikifumba macho naona maji tu. Wanangu, siwezi kulala peke yangu. Mmoja wenu apande na mimi, alale hapo, mpaka tumalize visiwa."

Nahodha alikubali. Kitanda kimoja, mtu mmoja, na meli inaondoka sasa hivi.

Wote watatu walitaka. Chiku alikuwa amewafikisha watu kwenye ngazi ya meli miaka yote bila kuipanda. Mwantumu hakuwa na moyo wa kurudi kwenye ile milango. Mwajabu hakujua kama bado ana kazi, na ule ukunga wa tatu ulikuwa bado unamlia masikioni. Alijua naye hatalala.

"Mimi ndiye niliyemsikia," alisema Mwajabu. "Nisingesema kata, mngekuwa bado mmesimama."

"Na nani aliyewazoesha watu kusikia ukunga wakatabasamu?" Mwantumu akamjibu. "Mimi ndiye niliyemtoa."

"Ulimtoa kwenye mtego wako, fundi," Chiku alisema. "Alikuwa anagonga mlango usiokuwepo. Mimi ndiye niliyemfikisha kwa daktari."

"Ungeshusha gari lako, si angejikinga humo?" Mwantumu akamrudishia. "Asingeingia kwenye nyumba yoyote."

"Ningelishusha lingenasa, na angenifia humo humo!"

Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na kila mmoja ilikuwa imemchoma.

Honi ya meli ikalia. Mabaharia wakashika ngazi. Bibi Namsifu alikuwa amekaa kitandani, ufunguo wa chumba chake cha melini mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja. "Nichagulieni," alisema. "Mimi naogopa."

Naishia hapo, na msinivute kanzu, zaidi ya hapo sina. Yupo aliyesikia, yupo aliyetoboa ukuta, yupo aliyeendesha. Ungemtoa mmoja tu, bibi amekufa. Na ungemtoa mmoja tu, huenda bibi asingezama kabisa. Giza linaingia, ngazi inainuliwa, na mwanamke huyu hawezi kulala peke yake. Je, wewe ungempa nani ule ufunguo?