Taa ya Miguu

Nyuma ya duka la rangi na vitasa palikuwa na chumba cha kushonea kilichovuma tangu asubuhi hadi jua lizame. Mwenye chumba alikuwa mama mjane ambaye watu wote walimwita Fundi, wala hakuhitaji jina jingine. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Ya umeme aliikataa katakata, akidai kwamba ile humkimbiza mshonaji. Mkono wake ulikuwa hodari, lakini hakujua kungoja. Pasi aliilaza juu ya kitambaa kabla haijapata moto, kisha akailaumu pasi.

Mwaka huo binti yake wa pekee alichumbiwa. Fundi akajiapiza kwamba gauni la harusi atalishona yeye, tangu mshono wa kwanza hadi pindo la mwisho. Alikuwa amewavisha mabibi harusi wa watu wasio na idadi. Wa kwake ashonewe na nani?

Shida ilikuwa miguu. Kisukari alichoishi nacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeidhuru mishipa ya fahamu. Usiku nyayo zilimwaka kama zimepakwa pilipili. Mchana zilikufa ganzi, hata siku moja akafika kazini na ndala moja asijue nyingine imemvuka wapi. Kwenye cherehani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mguu ulikanyaga kwa nguvu mno au haukukanyaga kabisa, na mishono ikaenda mrama. Alipoona mstari aliodhani umenyooka umepinda, Fundi alilia, naye hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Aliyempeleka kliniki alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walishona chumba kimoja, lakini kwa mwendo wa wifi huyo Fundi alikuwa amempachika jina la Kobe. Alipenda kumtania kwamba akianza kumshonea mtoto sare ya chekechea, mtoto ataivaa akiwa na mke. Kobe alicheka na kuendelea na kazi yake.

Kliniki daktari alimrekebishia dawa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwazima kibao chenye taa ndogo ndogo nyekundu, cha kutumia nyumbani. Alimweleza kwamba mwanga ule huwapunguzia baadhi ya watu maumivu na ganzi, si wote, na kwamba haushiki nafasi ya dawa. Kisha akamshika mkono.

"Mama, usikiguse kwa ngozi. Kikijizima, basi mpaka kesho. Na kila ukimaliza zitazame nyayo kwa macho, maana mguu wako ukiungua hautakuambia."

Kwa majuma kadhaa Fundi alitii. Kila jioni alikaa mbele ya kibao, Kobe akiwa kando yake akipiga soga. Moto wa usiku ukaanza kupoa, naye akapata usingizi aliousahau. Asubuhi moja kidole gumba kilihisi ubaridi wa sakafu. Akamwita binti yake mbio aje kuona, kana kwamba ubaridi huonekana. Siku hiyohiyo akalikata gauni. Alikuwa na furaha ya kitoto.

Lakini harusi ilikaribia na ganzi iliyobaki haikuwa na haraka. Fundi akaanza kuwaza kifundi. Hariri hupitishiwa pasi mara moja, alisema, ila jinzi hutaka moto na mkono mzito. Na nyayo zake, kwa umri ule, zilikuwa jinzi tupu.

"Wifi," Kobe alimwambia, "nguo ikiungua tutakata nyingine. Mguu tutaununua duka gani?"

"Wewe ungekuwa daktari, wagonjwa wangekufia kwenye foleni."

Kobe alipokwenda kwake, Fundi alizilaza nyayo juu ya kibao chenyewe na kuzifunika kwa blanketi ili mwanga usipotee bure. Kilipojizima alikiwasha tena, na tena. Hakuhisi kitu, na kwa kuwa hakuhisi kitu aliona tiba haijaingia. Akasinzia kitini.

Binti yake aliporudi kutoka kazini alifunua blanketi, akakuta wayo wa kulia umefura malengelenge. Fundi aliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Haukuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Daktari aliufunga, akamkataza kuukanyagia, na cherehani akaitaja kwa jina. Fundi akauliza gauni atalimaliza lini.

"Mama, hatuzungumzii gauni tena," daktari alisema. "Tunazungumzia kuubakisha mguu."

Binti alitaka harusi iahirishwe, Fundi akakataa. Siku nzima alilala akiwa ameupandisha mguu juu ya mto, akivitazama vipande vya kitambaa cheupe mezani. Jioni akamwita wifi yake.

"Kaa kwenye cherehani yangu."

"Nitakwenda mwendo wangu, wifi."

"Nenda nao huohuo."

Kobe akashona taratibu, mshono baada ya mshono, na kila mstari ukanyooka. Fundi alitafuta kosa asilipate. Alishukuru na kuumia kwa pamoja.

Siku ya harusi aliketi mbele, mguu wake ukiwa ndani ya bandeji nene. Binti alipoingia, ukumbi mzima ulisimama. Mama mmoja, mteja wake wa zamani, alimwinamia akamkumbatia.

"Fundi, leo umejishinda. Kweli uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huu mkono ni wako, nani asiyeujua?"

Neno moja la asante lingetosha, na lisingemgharimu kitu. Akamwonyesha Kobe aliyekuwa kiti cha pili.

"Si wangu," alisema. "Ni wa wifi yangu. Mimi sikuweza kungoja."

Binti akapita mbele yao, pindo likigusa bandeji, na mama yake akalia mbele za watu bila kujificha. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.