Mama Mkwe Aliyejifunza Kuuliza

Wapendwa, kabla hatujaingia kwenye somo letu, niacheni niwasimulie habari ya mama mmoja na mkwe wake. Ni mfano tu. Msianze kutazamana mkitafuta nani ni nani.

Kulikuwa na mama mjane, mkulima wa chai huko milimani, mwenye mtoto mmoja tu, wa kiume. Tumwite Mama Asajile. Kijana wake akaoa binti aitwaye Tusekile, na kwa kuwa alikuwa dereva wa lori, alimwacha mkewe kwa mama yake majuma matatu, mara nyingine mwezi mzima.

Tusekile alimpenda mama mkwe wake kupita kiasi. Alimchemshia maji, akamkanda miguu akitoka shambani, akawaambia majirani, "Mungu amenipa mama ambaye hana mfano." Mama wa watu akafurahi. Nani asingefurahi?

Siku moja mama alikwenda kumwona mgonjwa, mvua ikamchelewesha. Aliporudi alikuta chakula kimemwagwa uani, na Tusekile amesimama pale.

"Umenichoka," akasema. "Sema tu. Na wewe ni kama wengine wote."

"Nimekukosea nini mimi?" mama akajibu kwa ukali. "Unataka nisitoke nyumbani kwangu?"

Kabla jua halijazama, binti alikuwa amepiga magoti, amemshika miguu, analia: "Nisamehe mama, usinifukuze."

Ikawa hivyo. Leo mama ni malaika, kesho ni adui, keshokutwa ni malaika tena. Majirani wakasema ana mapepo. Wengine wakasema ni jeuri tu, anataka kumtawala mama wa watu. Ndugu zangu, sisi tungesema nini? Nina hakika tungesema jambo, maana hatukosagi la kusema.

Tusekile alipojifungua mtoto wa kike, mambo yakazidi. Akaanza kwenda hospitali, na huko akapata muuguzi wa afya ya akili aliyemsikiliza. Siku moja, kwa ridhaa ya Tusekile mwenyewe, muuguzi akamwita mama mkwe.

"Mama, hili ni tatizo la kiafya," akamwambia. "Hofu ya kuachwa imemshika sana, na hisia zake hupanda haraka kuliko zako na zangu. Matibabu yapo, ni ya mazungumzo, na yanachukua muda. Ila nyumbani nakuomba kitu kimoja. Akikasirika, usimwambie yeye anawaza nini. Muulize. Na wewe mwambie yaliyo moyoni mwako, kwa sababu hayaoni."

Mama aliitikia kwa adabu. Ila njiani akajisemea, nina miaka sitini na miwili, leo nifundishwe kuuliza? Huyu mtoto namjua.

Alasiri moja mwezi wa nne, simu ya mama ikaita. Akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Alipotoka, nyumba ilikuwa kimya. Nguo za Tusekile hazipo. Mtoto hayupo.

Alitoka bila viatu. Mvua ilikuwa inanyesha. Akawakuta kando ya barabara ya lami, binti ana begi mkononi, mtoto yuko mgongoni, kanga imelowa chapachapa. Walikuwa wanakwenda wapi? Hawakuwa na pa kwenda.

Maneno yalikuwa yameshafika ulimini mwa mama: unanitia aibu, unataka kumuua mjukuu wangu kwa baridi. Akafungua mdomo. Kisha akaiona mikono ya yule binti, namna ilivyolishika lile begi. Akaketi palepale kwenye ukingo wa mtaro.

"Mwanangu," akasema, "sijui unawaza nini. Nilidhani najua. Sijui. Niambie."

Tusekile aliweka begi chini. Halafu akasema, "Ulifunga mlango. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Nikakaa kwa baba mdogo, kwa shangazi, kwa mama mmoja wa kanisani, kwa bibi. Kila nyumba, kabla ya kunihamisha, walifunga mlango wakanong'ona. Nikasema safari hii nitaondoka mwenyewe."

Mama akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Na hapo binti akauliza, polepole, jinsi alivyofundishwa hospitali: "Na wewe mama, ulikuwa unawaza nini mle ndani?"

Wapendwa, swali hilo lilikuwa geni kwa mama yule. Tangu azike mumewe, miaka tisa, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nilikuwa naongea na Asajile," akasema. "Amepata nyumba mjini. Anataka kuja kuwachukua wewe na mtoto. Nikafunga mlango usinione nikilia. Nilikuwa namwomba mwanangu msiniache."

Mmesikia? Wote wawili waliogopa jambo lilelile, chini ya bati moja, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye mwenye kuacha.

Walirudi nyumbani wakabadili nguo, wakampigia Asajile pamoja. Alikubali kungoja hadi mtoto atimize mwaka. Sitawadanganya kwamba ugomvi uliisha. Ulipungua. Tusekile aliendelea na matibabu, na mama akaendelea kuuliza, hata siku ambazo hakutaka.

Sasa sisi. Sisi tulio wepesi kusoma mioyo ya watu. Mume amenyamaza, tunajua sababu. Mtoto amefoka, tunajua sababu. Mungu peke yake ndiye ajuaye mioyo, nasi tumejitwalia kazi yake. Nyumbani kwako yupo mtu mnayemwita mgumu, umewahi kumuuliza? Na yule mnayemwita hodari, anayewabeba ninyi nyote, nani amemuuliza?

Sitaongeza neno. Mgeukie uliyekuja naye. Muulize anawaza nini, kisha nyamaza mpaka amalize. Mahubiri yatangoja.