Dumu la Maji la Minza

Habari za dhahabu iliyoonekana kaskazini ziliwafikia Limbu na mkewe Minza mwaka ambao shamba lao halikutoa kitu. Wakafunga mlango, wakapanda lori la wachimbaji. Minza alikuwa mjamzito. Kabla ya safari aliteka maji kisimani mwenyewe, akajaza dumu kubwa, maana mbele kulikuwa na nyika tupu.

Katikati ya nyika hiyo, Magesa, mkuu wa wachimbaji, aliliona tumbo lake chini ya kanga. Akagonga bodi, lori likasimama.

"Shuka, dada. Mwenye mimba ana mkosi, anakimbiza dhahabu. Ndiyo mila yetu."

"Hapa porini?" Limbu akafoka.

"Wewe baki. Yeye atapata lori jingine."

Minza aliwatazama wenzao wote. Mmoja alijifanya amesinzia, mwingine akafunga kamba za viatu. Hakuna aliyesema neno. Limbu akamshusha mkewe, kisha yeye mwenyewe akaruka. Kabla hawajaliomba dumu lao, lori likaondoka.

Walitembea. Midomo ya Minza ilipasuka kwa kiu, na mtoto tumboni akatulia kuliko kawaida. Hilo ndilo lililomtisha.

Akatokea bibi mmoja mfugaji na punda aliyebeba maji. Akawanywesha, akasikiliza kisa chao, akatema mate chini.

"Mkosi gani? Punda wangu huyu ana mimba, na boma zima linakunywa maji anayobeba!"

Minza akanywa tena. Mtoto akacheza.

Bibi akawasindikiza hadi kwenye korongo. Lo! Lile lori lilikuwa limezama mchangani, na wachimbaji wamelala chini yake, hoi kwa kiu.

Magesa akanyoosha kikombe. "Mama, tusaidieni maji."

"Akanywe mchanga!" Limbu akasema.

Minza akamshika mumewe mkono, akamgeukia Magesa. "Dumu langu liko wapi?"

"Tulilinywa. Likaisha."

"Maji yale niliyateka mimi, kwa mikono hii, na mimba hii hii. Mlipoyanywa, mkosi hamkuuona?"

Kimya.

"Hata kule mliponishusha mlinyamaza hivi hivi."

Akamtazama bibi mwenye maji. Bibi akaitikia kwa kichwa, na Minza akawamiminia maji, mmoja baada ya mwingine. Magesa alipokea akitazama chini.

Walipopata nguvu wakalisukuma lori, nalo liliponasuka, Minza alipanda mbele, kando ya dereva, bila kumwomba mtu ruhusa.

Funzo: Dhuluma haigeuki kuwa mila kwa sababu wengi wameizoea, na anayeiona akanyamaza, ameshiriki.