Msumari Mmoja Mlangoni

Hapo zamani, na si zamani sana kwa kuwa kamera zilikuwepo, palikuwa na binti huko Osaka, nchi ya Japani, jina lake Mitsue. Sogeeni karibu. Hadithi hii imeninyima raha, na leo nataka iwanyime na ninyi.

Mitsue alikuwa mwanamitindo. Alivaa kimono, majoho ya kwao, za duka moja kubwa, akasimama, akapigwa picha. Aliyemfundisha kusimama ni mpiga picha wa duka, Kurimoto. "Mwanga ukikupiga, ganda," alimwambia. "Kidevu juu, pumzi ndani, usipepese." Akaganda, na mji mzima ukamjua.

Lakini moyo wa Mitsue ulitaka kuimba. Duka lilimtaka Kurimoto amzuie, na angeweza, lakini akamwachia aende. Duka likamfukuza Kurimoto kwa hilo, akaishia kupiga picha za watoto wa shule.

Mitsue akaenda kwa walimu wa kuimba. Wa kwanza akacheka. Wa pili akacheka. Wa tatu, Bibi Tokiwa, hakucheka; akampa tambara bichi. Huko kwao sakafu ya mbao hupigwa deki kwa kuinama, mikono miwili juu ya tambara, mtu akikimbia toka ukuta hadi ukuta. "Piga deki huku unaimba," alisema bibi. "Ukifika ukutani na pumzi bado unayo, wewe ni mwimbaji." Mitsue akaimba, akaanguka. Akaimba, akaanguka. Bibi akawaaga wanafunzi wengine wote ili abaki na huyu mmoja. Siku alipofika ukutani akiimba bado, bibi alilia.

Basi jumba la maonyesho likamchukua, aigize binti anayemuaga mama yake mgonjwa kwa wimbo. Mama aliigizwa na Nogiwa, nyota wa jumba lile, na Nogiwa hakumpenda hata chembe. Alimwita "sura ya bango."

Siku ya kwanza ukumbi ulifurika. Mitsue anaimba. Mara mwandishi wa gazeti akapiga picha, mwanga ukamwakia usoni. Mnadhani alifanya nini? Aliganda. Kidevu juu, pumzi ndani, hapepesi. Maneno yote yakamtoka kichwani, na muziki ukaendelea bila yeye.

Watu ukumbini hawakujua. Walimwona binti aliyeshindwa kumuaga mama yake, wakaanza kulia. Nogiwa peke yake alijua. Sasa, nyota wa jumba lile hawapi watazamaji mgongo, ni mwiko. Nogiwa akainuka kitandani alipolala kama mgonjwa, akawapa mgongo wote, akasimama kati ya Mitsue na ile kamera, akamtamkia maneno kwa midomo tu. Mitsue akayadaka. Muziki ulikwisha kumwacha mbali. Akaimba ubeti mzima kwa pumzi moja, akaufikia muziki. Ukumbi wote ukasimama.

Kesho yake magazeti yalimsifu Mitsue. Na Nogiwa? Yalisema amezeeka, hajui tena jukwaa. Mwenye jumba akakishusha kibao chenye jina lake pale mlangoni, ukabaki msumari mtupu.

Jumba lile lina desturi. Siku ya kufunga onyesho, nyota hupewa shada la maua, naye humkabidhi mtu mmoja aliyemfikisha pale. Jina la mtu huyo hutundikwa mlangoni kando ya jina la nyota, lisiondolewe tena. Shada haligawanywi.

Siku ikafika. Mitsue, nyota sasa, yuko jukwaani na maua, na wale watatu waliomfikisha pale wako mbele yake.

Kurimoto akasema, "Mwanangu, watu walilia ulipoganda, na kuganda nilikufundisha mimi. Nilikuachia ukaenda, na leo hakuna anijuaye."

Bibi Tokiwa akasema, "Kuganda ndiko kulikotaka kukumaliza, mjukuu wangu. Pumzi ndiyo iliyokuokoa. Mimi nimezeeka, na jina langu halijawahi kukaa kwenye mlango wowote."

Nogiwa akasema, "Sikupendi, na unajua. Lakini msumari ule ulikuwa wangu."

Mitsue akapiga hatua moja, akawatazama. Kidevu juu, pumzi ndani. Ameganda tena, jamani, na safari hii hakuna wa kumtamkia ila ninyi mnaonisikiliza. Haya, semeni: shada ampe nani?