Sarafu Chini ya Sahani

Hapo zamani, wala si zamani za kale, maana watu walikwisha kuanza kupanda ndege, aliishi Pangani mwanamke jina lake Siwatu. Ujana wake wote alikuwa mhudumu kwenye hoteli ya chakula. Alijua miguu inavyowaka moto ikifika alasiri, na alijua raha ya kukuta mteja amekuachia kitu mezani. Akajiapiza kwamba popote atakapokula, hataondoka bila kuacha bakshishi.

Akasafiri nchi ya mbali kumwona mdogo wake aliyeolewa huko. Shemeji yake Halfani, mwenyeji wa huko kwa miaka mingi, akampeleka kula kwa Belina, mama ntilie aliyesifika mtaa mzima. Belina alipika nyuma, mpwa wake Yoramu akahudumia mbele. Siwatu akala, akashiba, akasifu. Alipoinuka akapenyeza sarafu chini ya sahani, kimya kimya, asije akaonekana anajionyesha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika nchi ile, mtu aletaye habari ya kifo haitamki. Hula, huweka sarafu chini ya sahani, akaenda zake. Hiyo ndiyo rambirambi yao. Na mama yake Belina alikuwa mgonjwa mahututi, kijiji cha jirani.

Halfani aliziona sarafu, akanyamaza. Yoramu aliziona, akazipeleka jikoni pamoja na sahani. Belina aliziona, akazikwapua, akapiga ukelele na kutoka mbio bila viatu, karai la mafuta likichemka motoni. Yoramu akamfuata asije akaanguka njiani.

Belina alimkuta mama yake ameketi, anakunywa uji. Akamkumbatia, akalia kwa furaha. Aliporudi, mafuta yalikuwa yameshika moto, na banda lake la chakula limekuwa majivu. Na banda lile ndilo lililokuwa likimnunulia mama yake dawa.

Watu wakakusanyika. Siwatu naye alirudi alipouona moshi, Halfani akimtafsiria.

"Sarafu ni zangu," akasema Siwatu. "Lakini niliziweka kwa moyo safi, na hakuna aliyeniambia."

"Mimi nilijua," akasema Halfani. "Lakini huyu ni shemeji yangu, tena mkubwa kwangu. Ningemkosoaje mbele za watu? Nikadhani wataelewa kuwa ni mgeni."

"Nilimsikia akiongea lugha ya kwao," akasema Yoramu. "Alikuwa bado mlangoni, ningeweza kumuuliza. Lakini kwetu mleta msiba haulizwi."

"Na moto niliuacha mimi," akasema Belina. "Ila nani kati yenu angeambiwa mama yake amekufa, kisha akumbuke karai?"

Siwatu akafungua mkoba wake atoe chochote alichobakiwa nacho. Belina akamzuia. Akafumbua kiganja, na sarafu zilikuwamo. Alikuwa amekimbia nazo kwenda na kurudi.

"Chukua kwanza hizi, dada," akasema. "Mama yangu yu hai."

Siwatu akazipokea, zingali na joto la mkono wa mwenzake. Maisha yake yote hakuwahi kuona haya kwa kutoa, siku hiyo aliona.

Nanyi mlioketi hapa, wote wanne mmewasikia. Mgonjwa anangoja dawa, na banda halina budi kusimama tena. Je, nani anapaswa kulijenga?