Sema Baragumu

Hapo zamani, kabla mto haujaambiwa kwamba ni mpaka, watu walivuka walipotaka wakarudi walipotaka, na hakuna aliyemuuliza jirani yake amezaliwa ukingo upi. Kisha siku moja mto ukaambiwa. Watu walioamka wakiwa majirani wakalala wakiwa wageni.

Karibu na mahali mto ule ulipoingia baharini palikuwa na mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yaliingizwa kwenye mabwawa mapana ya udongo, jua likayanywa, chumvi ikabaki. Watu wakaikwangua kwa mbao zenye mpini mrefu, wakaibeba kwa vikapu, wakaipanga marundo juu ya tuta. Mwenye mashamba aliitwa Mwenye Chumvi, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshasahauliwa, labda hata naye mwenyewe.

Siku ya kazi ilianza kwa baragumu na kwisha kwa baragumu. Lilikuwa la pembe ya tandala, na lilikaa mkononi mwa nyapara, mtu wa maneno machache aliyeitwa Msuo. Likilia asubuhi, watu waliingia bwawani. Lisipolia jioni, hawakutoka. Na jioni lilichelewa. Lilichelewa siku ya joto, lilichelewa siku ya msiba, lilichelewa hata mkesha wa Idi. Walikuwapo wanaume pale ambao hawakujua watoto wao wana sura gani mchana.

Miongoni mwa watu wale alikuwapo mwanamke aitwaye Nakuva. Alizaliwa ng'ambo ya mto. Alivuka akiwa msichana, vita ilipochoma kijiji chao, na huku ndiko alikojenga nyumba, akazaa binti, akamzika mume. Ndimi za watu wa ng'ambo hazikuwa na r. Walisema "habali", walisema "kalibu", na baragumu waliliita "balagumu". Lakini Nakuva alijifunza. Miaka mingi alikwangua chumvi huku akirudia peke yake, ra, ra, ra, mpaka ulimi ukakubali. Asiyemjua asingemdhania.

Alikuwapo pia Mwinjuma, mzaliwa wa huku, mwana wa mkwangua chumvi na mjukuu wa mkwangua chumvi. Huyu kila asubuhi alisimama juu ya tuta akawaamkia watu wa ng'ambo:

"Kalibuni, watani. Habali za usingizi?"

Watu walicheka, na wa ng'ambo nao walicheka, maana utani ni utani. Wakamjibu, "Mtani, wewe r unazo tele. Lakini mkeo alikuacha kwa neno lisilo na r hata moja."

"Neno gani?"

"Nimechoka."

Na Mwenye Chumvi, kule barazani kwake, naye alisikia, naye alicheka. Likumbukeni hilo.

Sasa, siku moja mtoto wa Mwantumu aliugua. Mwantumu alikuwa mjane, mzaliwa wa huku, na mtoto alimwacha kwa majirani. Mchana majirani wakatuma mtu mbio. Mtu akafika tutani, akamwambia nyapara. Nyapara akamgeukia Mwantumu, akamwambia, "Ngoja pembe ilie." Mwantumu akangoja. Alipofika nyumbani alikuta kaburi bichi. Walikuwa wamemsubiri mpaka ikabidi wamzike mtoto.

Usiku wa matanga Nakuva hakulia. Kulipokucha alianza kwenda nyumba kwa nyumba, za wazaliwa na za wageni, akisema maneno yale yale kila mlangoni.

"Chumvi ni yake. Bwawa ni lake. Jua je, ni la nani?"

Wengine walimfungia mlango. Wengine walisema, "Dada, wewe utatuponza." Lakini wengi walisema, "Jua si lake." Basi Nakuva akasimika nguzo juu ya tuta, na mbele yake akaweka jiwe jeupe. Kivuli cha nguzo kikifika jiweni, siku imekwisha, pembe ilie isilie.

Jioni ile kivuli kikafika jiweni. Baragumu halikulia. Mwantumu akawa wa kwanza kuweka chini ubao wake, akanawa miguu, akaenda zake. Wakamfuata wote. Kesho yake wakafanya hivyo hivyo. Kesho kutwa wakafanya hivyo hivyo, tena wakiimba.

Mwenye Chumvi akamwita nyapara. "Fitina hii imetoka ng'ambo. Watu wetu ni wapole, hawa wageni ndio wanaowatia maneno. Kesho wapange mstari. Mzaliwa abaki, mgeni avuke mto kabla jua halijazama."

"Tutawajuaje, Bwana?"

Ni kweli. Ngozi zao zilikuwa moja, viraka vyao vilikuwa sawa, na nyayo zao zilipasuka namna moja. Lakini Mwenye Chumvi akatabasamu. "Mbona Mwinjuma anatufundisha kila asubuhi? Mwoneshe kila mtu baragumu, umuulize linaitwaje."

Kulipokucha wakapangwa mstari juu ya tuta. Mwenye Chumvi alikaa chini ya mwavuli. Nakuva alikuwa karibu na mwisho, na nyuma yake mama mmoja wa ng'ambo alikuwa akinong'ona, "Bala. Bala. Balagu."

"Usijitese, shangazi," Nakuva akamwambia.

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa unayo," yule mama akajibu.

Wa kwanza alikuwa Mwinjuma, maana daima alipenda kuwa wa kwanza. Nyapara akainua baragumu.

"Hiki nini?"

Mwinjuma akalitazama, akautazama mstari, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya kila asubuhi.

"Balagumu."

Watu wakacheka. Mwenye Chumvi hakucheka. "Mgeni huyo. Avuke."

"Bwana, huyu ni Mwinjuma," mtu akasema mstarini.

"Nimesikia aliyoyasema."

Nyapara akamsogelea Mwinjuma, akamwambia polepole, "Sema tena."

Mwinjuma akageuka. Akawaona wale aliowatania miaka yote, midomo yao ikijaribu neno ambalo haikuwahi kuliweza. Akaona nani aliyempa Mwenye Chumvi panga hili.

"Balagumu," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Pita kule."

Akafuata Mwantumu.

"Hiki nini?"

"Hiki ndicho ulichoniambia nikingoje. Balagumu."

"Pita kule."

Akafuata fundi wa matuta, ambaye ukoo wake ulikuwa pale kabla ya chumvi. Hiki nini? Balagumu. Pita kule. Akafuata mwana wa imamu. Hiki nini? Balagumu. Pita kule. Akafuata mpwa wa Mwenye Chumvi mwenyewe, kijana mwenye deni la kila mtu. Hiki nini? Akamtazama mjomba wake, akasafisha koo. Balagumu. Pita kule. Mstari ukapungua, ukingo wa mto ukajaa.

Ikafika zamu ya Nakuva. Nyapara alimtazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine. Na Nakuva alijua nyapara anajua nini: kwamba yeye anaweza. Akamfikiria binti yake, aliyezaliwa huku na asiyejua ukingo mwingine. Akafikiria kwamba wale waliokwisha kupita ni wengi, na mmoja zaidi hataongeza kitu. Akafikiria kwamba mtu mmoja akibaki ndani anaweza kuwafaa walio nje. Yote yalikuwa mawazo mazuri. Akausikia ulimi wake ukipanda kuelekea juu ya kinywa, pale alipoufundisha kwa miaka.

"Hiki nini?"

Akaushusha.

"Balagumu," akasema, na neno likatoka kwa sauti ya mama yake.

"Pita kule."

Alipopita yule mama wa nyuma, mstari ulikwisha. Upande wa mashamba alibaki Mwenye Chumvi, mwavuli wake, na nyapara. Upande wa mto walisimama watu wote.

Kusini kulikuwa na wingu. Marundo ya chumvi yalikuwa wazi juu ya tuta, na kila mtu pale alijua mvua moja inavyoweza kuila kazi ya msimu. Hawakwenda kuyafunika, wala hawakuvuka mto. Walisimama tu, wakilitazama wingu kama watu wanaomngoja shemeji.

Mwenye Chumvi akainuka. "Msuo, puliza. Watu wa kijiji cha Mchangani wakilisikia watakuja mbio, wana njaa. Watafunika chumvi, na hawa wende zao."

Msuo akaweka baragumu mdomoni. Mashavu yakajaa. Nakuva akaona mkono wa Mwantumu ukishika kanga yake kwa nguvu. Kisha mashavu yakapwaya bila sauti. Nyapara akainama, akaliweka baragumu chini.

"Chukua balagumu lako," akasema.

Watu wakatazamana. Ndipo Nakuva akakumbuka: miaka yote ile, mtu huyu aliliita pembe. Pembe, siku zote pembe. Na maneno yake yalikuwa machache, na kila neno lilikuwa limechaguliwa. Msuo akapita katikati ya watu akaenda kusimama kwenye ukingo, akiutazama upande wa pili kama anayetafuta nyumba.

Tone la kwanza likaanguka juu ya mwavuli.

"Haya," Mwenye Chumvi akasema. "Haya. Asivuke mtu. Jua ni lenu. Funikeni chumvi."

Hawakusogea. "Na pembe?" Mwantumu akauliza.

"Na baragumu chukueni. Lakini sitaki kuliona likipigwa na kila mwenye mdomo. Mchague mmoja alishike, leo hii. Kivuli kikifika jiweni halijalia, litarudi kwangu, nami nitatafuta nyapara mwingine."

Wakafunika chumvi. Wingu likapita na matone machache, jua likarudi. Mchana kutwa walikwangua, na mchana kutwa walibishana.

Mwinjuma alisema, "Wa kwanza nilikuwa mimi. Mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumfuata."

"Ulikuwa unatania," wakamwambia.

"Mara ya kwanza nilitania. Mara ya pili mlinisikia nikicheka?"

"Na aliyemfundisha Mwenye Chumvi kututenga ni nani?"

Mwinjuma akakwangua kidogo kabla ya kujibu. "Ni mimi. Basi mdomo uliolichimba shimo ndio uliolifukia. Nipeni nilipulize, angalau utoke humo mlio wenye faida."

Nakuva akasema, "Nguzo niliisimika mimi. Milango niliibisha mimi. Ninyi mlikopa neno la watu wengine, na kesho mtalirudisha. Mimi nilitupa langu, nililolitafuta kwa miaka, na ng'ambo sina hata jivu la nyumba. Nani alikuwa na zaidi ya kupoteza?"

"Kweli, dada," Mwinjuma akasema. "Lakini ilipofika zamu yako ukingo ulikuwa umeshajaa. Mto wenye watu haumtishi mwogeleaji."

Nakuva alitaka kumjibu, akakumbuka mawazo yake yale mazuri, akaacha.

Msuo alikuwa amekaa mbali. Walipomwita akaja, na sasa alisema bila kuchagua maneno. "Nimelipuliza vibaya miaka mingi, siombi msamaha kwa mlio mmoja. Lakini mngesema balagumu mpaka kesho, kama ningelipuliza, watu wa Mchangani wangekuwa hapa na ninyi mngekuwa majini. Mimi nilikuwa na nyumba ya bati na kiti kivulini. Nilijificha nikashiba, kisha nikajitoa. Na anayejua uzito wa balagumu linalochelewa, hapa, ni mimi peke yangu."

"Peke yako?" Mwantumu akasema.

Msuo akatazama chini. "Halitachelewa tena," akasema. "Kwa sababu ya mtoto wake."

Mtu mmoja akasema basi apewe Mwantumu, aliyekuwa wa pili na hakutania. Mwantumu akatikisa kichwa. "Nililingoja mara moja, likanitosha. Mpeni mmpendaye. Mimi nataka tu kurudi nyumbani jua likiwapo."

Akaonesha kwa kidevu. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimebakiza vidole vichache kufika jiweni. Kule barazani Mwenye Chumvi amesimama, anavaa viatu vyake ili aje kuchukua kilicho chake. Baragumu lipo juu ya tuta, kati ya miguu ya watu watatu. Mwinjuma amenyoosha mkono akaurudisha. Msuo hajanyoosha. Nakuva ameinama nusu, na hajui bado kama anainama kulichukua au kumpa mwingine.

Basi ninyi mliokaa mkasikiliza, mlio wazaliwa na mlio wageni: aliyesema wa kwanza akitania, aliyeweza kusema sawasawa akakataa, na aliyenyamaza miaka kisha akanyima pumzi yake. Je, nani alistahili kulipuliza? Semeni upesi, kivuli hakingoji. Na mkilitaja, litajeni mpendavyo. Lakini liwekwe mkononi mwa nani?