Isale Moja kwa Watu Watatu

Sogeeni, na mwenye karanga atafune taratibu, maana leo sirudii. Nikimaliza mtanipa hukumu, na hukumu ya uvivu siitaki.

Palikuwa na marafiki watatu mjini Moshi, wote wamechoka kupanga. Kila wakiamka, mwenye nyumba yuko mlangoni na neno. Siku moja wakasema, jamani, na sisi tuanze. Tununue kiwanja kidogo, tujenge vyumba vya kupangisha, na sisi siku moja tuitwe wenye nyumba. Pesa walichanga sawasawa, kwa hiyo hilo msinisumbue nalo.

Terewaeli alijaliwa ulimi. Angeweza kukuuzia koti lako mwenyewe, na ukamshukuru. Ndesario alijaliwa macho: akitazama kichaka, tayari anaona mlango utakaa wapi na maji ya mvua yatapita wapi. Aikande alijaliwa kusimamia kazi. Mafundi wakimwona kwa mbali, hata aliyekuwa amelala anashika koleo.

Terewaeli ndiye aliyeanza. Alipanda mlimani kwa Bibi Apaisaria, mjane mwenye shamba la migomba lililoshuka hadi barabarani. Wengi walishamwomba kipande cha chini, akawafukuza. Terewaeli akawa anakaa naye jikoni, anamchambulia maharage, anamsikiliza habari za miguu yake inayouma, mpaka bibi akalainika. Naye alitaka nauli ya kwenda Dar kwa binti yake, akatibiwe.

"Haya, chukueni," bibi akasema. "Ila kona ile yenye masale msiiguse. Mwanangu wa kwanza amelala pale. Na mimi nitalazwa palepale, ubavuni kwake."

"Bibi, hata jani moja halitaanguka," Terewaeli akaapa.

Kwa msiotoka kwetu Uchagani, isale ni mmea wa majani marefu. Tunaupanda mpakani, tunaupanda pia kaburini. Na ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa isale hana ujanja, lazima asamehe. Likumbukeni hilo.

Terewaeli akarudi kwa wenzake. Njiani akawaza: nikiwatajia kaburi, watakataa kiwanja. Kwa hiyo akawaambia tu, "Bibi anaomba masale ya kona yabaki." Mengine akayameza.

Ikaja zamu ya Ndesario. Akapima, akapima tena. Vyumba vitatu vinakaa vizuri. Lakini akiigusa ile kona kinapatikana cha nne, tena kinachotazama barabara, kile ambacho wapangaji watakigombania. "Si alama ya mpaka tu hiyo?" akasema. "Tutampandia mengine nyuma ya ukuta, hata hatajua." Akavuta kamba ya msingi juu ya masale.

Aikande akaingia na mafundi. Masale yakang'olewa, wakachimba. Mchimbaji mmoja akasimama ghafla. "Dada, huku chini kuna shanga. Kama za mtoto mchanga." Aikande akainama, akaziona kwa macho yake. Mawingu yalikuwa yamefunga, na zege lilishachanganywa. "Endelea," akasema, kisha akageuka kutazama migomba.

Vyumba vikasimama, vizuri kweli! Wapangaji wakaingia, na kile cha nne akakipata mke wa fundi baiskeli, mjamzito. Siku ya kujipongeza, wakiwa na sahani zao za ndizi na nyama, wakaanza kubishana getini liandikwe jina la nani.

"Langu," Terewaeli akasema. "Bila ulimi wangu mngejenga hewani?"

"Bila macho yangu mngekuwa na vyumba vitatu," Ndesario akajibu.

"Na bila mimi mvua ingeubeba msingi wenu wote," Aikande akasema. Wakacheka. Ulikuwa ugomvi mtamu.

Hapo ndipo Bibi Apaisaria alipoingia getini na mkongojo wake. Alikuwa amerudi kutoka Dar asubuhi hiyo.

"Shikamoo bibi," wakasalimu wote, vinywa vimejaa.

Bibi akauzunguka ukuta mara moja, akaweka kiganja kwenye plasta mpya. "Masale yangu yako wapi?"

Wakaweka sahani chini.

"Basi niambieni mwanangu yuko upande gani, nijue nikae wapi."

Ndesario akamtazama Terewaeli, na Terewaeli akatazama chini. Aikande peke yake ndiye aliyejua mahali hasa. Akanyoosha mkono, akaonyesha dirisha la chumba cha nne. Bibi akaketi chini ya dirisha hilo, kwenye udongo uliobaki na chokaa, na hakulia. Afadhali angelia!

Tangu siku hiyo, kodi ilipokuja, kila mmoja aliona aibu kuipokea. Wiki chache baadaye wakapanda kwa bibi, wamekwisha kukubaliana. "Tunabomoa, bibi. Kesho."

"Mtabomoa nini?" bibi akasema. Alikuwa kitandani sasa. "Humo ndani mna kichanga, nimemsikia akilia. Mtampeleka wapi na mvua hii? Acheni walale wote wawili."

"Basi tukuletee isale, bibi. Sote watatu."

"Sitaki kundi. Kundi halina uso. Nileteeni isale moja, alilete yule aliyemfunika mwanangu. Huyo nitamsamehe kwa moyo wangu wote, ndivyo tulivyolelewa. Wawili waliobaki sitawalaani. Ila wasinisalimie tena, na siku yangu ikifika wasije kunizika."

Wakatoka nje. Aikande akachuma jani, akalifunga fundo. Sasa nani alishike?

"Ni mimi," Terewaeli akasema. "Mimi peke yangu niliambiwa kuna mtoto. Bila ulimi wangu, mngejua."

"Ni mimi," Ndesario akasema. "Wewe ulisema masale yabaki. Bila macho yangu ya tamaa, kamba isingepita pale."

Aikande alikuwa analia. "Nyie hamkuziona shanga. Mimi niliziona. Bila mimi, zege lisingemwagwa."

Mnaona maneno yaleyale ya getini? Siku ile waligombania jina, leo wanagombania kosa. Na msiwasifu haraka, jamani. Kila mmoja alijua kwamba mwenye kosa ndiye atakayesamehewa, na wenzake watabaki nje na mzigo wao. Walijua hivyo, wakaona haya, na bado hakuna aliyerudi nyuma.

Mlango u wazi. Bibi anaita kutoka ndani, sauti imeshakuwa ndogo, "Ni nani ameshika?" Na hana siku nyingi, hilo hata wao wanaliona.

Msinitajie mchimbaji, yeye alisema. Msiniambie bibi hakupaswa kuuza, alikuwa mgonjwa. Na msiniambie walishike wote watatu, ameshakataa.

Mmoja alijua, akanyamaza. Mmoja aliombwa, akapuuza. Mmoja aliona, akageuka. Isale ni moja.

Je, wewe ungelitia mkononi mwa nani? Na wale wawili ungewatazamaje usoni?